Tone Jekundu Juu ya Nati

Jumamosi ile jioni nilitoka gereji kwenda kununua rangi ya kucha.

Cheka ukitaka. Mwanamume wa miaka thelathini na nane, grisi hadi kwenye viwiko, anaingia duka la vipodozi la Wacera na kuomba chupa moja nyekundu, ile nyekundu kabisa. Mtaa mzima wa Majengo umenitania hadi ukachoka. Lakini madereva wa magari ya mbio hapa Nyeri wanajua kazi ya rangi ile. Nikikaza nati kwa spana ya kipimo, ile inayolia *tak* nati ikifika mahali pake, naipaka tone moja. Tone likikaa pale, maana yake Theuri amekaza, na aliyokaza Theuri hairudiwi na mtu. Watu walileta magari yao kutoka Othaya na Murang'a kwa ajili ya tone lile, na mimi nilitembea mjini kifua mbele.

Saa ilikuwa inakaribia kumi na mbili na nusu. Ukungu wa Julai ulikuwa umeshuka hadi kwenye mabati ya nyumba, na mlima hatukuwa tumeuona tangu Alhamisi. Simu ililia mfukoni. Alikuwa Kingori, mwalimu wa Murang'a niliyemtengenezea gari mwaka uliopita. Alikuwa amenipigia pia mchana. Sikushika. Nilikuwa na haraka, kwa sababu sikutaka kuwa gereji baada ya adhana ya magharibi. Sababu yake nitaisema.

Wacera alikuwa anafunga duka. Aliponiona akatabasamu, halafu tabasamu likakwama.

"Haiya, Theuri. Si mwenzako ametoka hapa saa hii?"

"Mwenzangu gani?"

"Mrefu hivi. Koti nyeusi ya ngozi. Amesimama tu hapo mlangoni, hakuingia. Ameniambia ati nisikuuzie cutex."

"Kwa nini?"

"Amesema, 'Mwambie ile yake bado iko.'" Wacera akanusa hewa. "Na ananukia vizuri! Kama wale watu wakienda msikitini Ijumaa."

Koti lile nililijua. Miezi tisa nyuma nilisaidia kulikata kwa makasi kando ya barabara, tukijaribu kumfikia mtu aliyekuwa ndani yake.

Junaid.

Junaid alikuwa wa Majengo, mwenye duka la vitambaa pamoja na mama yake, Bi Safa. Tulijuana tangu tukiwa tunavaa kaptura. Mimi niliangalia injini, yeye aliendesha. Kwa miaka miwili tulijenga gari moja, Subaru nyeupe tuliyoiita Nyange. Tuliagiza pistoni ngumu, tukaweka turbo kubwa kama sufuria ya ugali wa watu wawili, tukabadilisha klachi mara tatu kwa sababu kila klachi iliungua. Mwishowe tukafikisha nguvu za farasi mia sita. Siku tuliyoiwasha ikiwa tayari, Junaid alilia waziwazi, na mimi nikajifanya moshi umeniingia machoni.

Tulikimbia Jumapili alasiri, upande wa Giakanja, kwenye kipande cha barabara mpya kilichokuwa na lami lakini hakijafunguliwa. Magari mawili, mita mia nne, mtu mmoja anashusha kitambaa. Kibali hatukuwa nacho. Watazamaji walitoka vijijini na watoto wao, wakakaa kwenye kingo za mashamba ya kahawa. Karibu na laini ya kuanzia palikuwa na nyumba ya mbao ya bibi mmoja mjane, tuliyemwita Shosho Kabura, aliyetuuzia chai na nduma.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipopotea.

Jumapili ile ya Oktoba nilikuwa nimevua magurudumu yote kukagua breki. Nikayarudisha, nikafunga nati kwa vidole. Ishirini, tano kila gurudumu. Rangi kwenye chupa ilikuwa inaelekea kukauka, kifuniko nilikuwa nimekifungua kwa meno, basi nikasema nitangulize rangi, kukaza kutafuata. Nikapaka matone yote ishirini. Kisha nikachukua spana. Nilikaza nyuma kulia, nyuma kushoto, mbele kulia. Kumi na tano.

Ndipo kijana mmoja akaniita na simu yake. Alikuwa anachukua video. "Huyu ndiye fundi wa farasi mia sita! Fundi, hebu waambie watu siri yako."

Nikaenda. Niliongea dakika kumi kuhusu siri yangu, nikiwa nimekunja mikono.

Niliporudi, Nyange ilikuwa inasukumwa kwenda kwenye laini. Niliangalia magurudumu yote manne. Matone yalikuwepo yote. Kitu kilinichoma hapa, chini ya mbavu. Kilisema: Theuri, rudia. Lakini watu walikuwa wananiangalia, na fundi wa farasi mia sita hawezi kuonekana akirudia.

Shosho Kabura alipita na birika. Akasimama. Akainama, akaweka kiganja chake kwenye gurudumu la mbele kushoto.

"Wee kijana. Hii gurudumu inalia. Kwa, kwa, kwa."

"Shosho, gari ya racing hulia hivyo."

Watu wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wote.

Junaid alikuwa ameshafunga mkanda. Alinitazama kupitia dirishani na kuniuliza lile swali aliloniuliza kila mara kabla ya kuondoka. Kwetu lilikuwa kama dua.

"Theuri, umekaza?"

"Nimekaza."

Gurudumu lilitoka kabla ya mita mia tatu. Nililiona likitangulia mbele peke yake, likaruka mtaro, likaingia kwenye kahawa. Nyange ikageuka mara moja. Mara mbili. Halafu kukawa na kimya kirefu, na harufu ya petroli, na ya halud, yale mafuta ya udi aliyojipaka asubuhi.

Tulimtoa akiwa ameshatuacha.

Mtu mmoja aliokota nati kwenye lami. Nzima, haijavunjika, na tone jekundu juu yake. Akaiinua juu akapiga kelele: "Damu! Wamepaka damu!" Mwingine akasema, "Yule mzee ameinama hapo! Mimi nimemwona na macho yangu akishika gurudumu!" Madereva waliojua maana ya matone yale walinigeukia, wakingoja niseme neno. Sikusema. Nao wakanyamaza, kwa kuwa mbio hazikuwa na kibali na kila mmoja alikuwa na lake la kuficha.

Chupa ilikuwa mfukoni mwangu.

Kabla ya giza kuingia, nyumba ya Shosho Kabura ilikuwa majivu. Yeye alipita katikati ya kahawa akiwa na shuka moja, akakimbilia kwa binti yake Othaya. Mchawi ametoroka, walisema. Nami niliiacha iwe hivyo. Kwenye msiba Bi Safa mwenyewe aliniletea chai. Alinishika mkono akasema, "Mwanangu, wewe ulikuwa ndugu yake." Nikainywa chai ile hadi tone la mwisho. Jioni nikasimama kwenye daraja la mto Chania nikaitupa chupa majini, na sitakudanganya, nilihisi nafuu.

Aibu yangu ni hiyo. Nilihisi nafuu.

Wiki tatu kabla ya Jumamosi ninayoisimulia, Sumeya, dada yake Junaid, alikuja gereji. Mwili wa Nyange ulikuwa umekunjamana, lakini injini ilikuwa nzima. Alikuwa ametafuta gari lingine jeupe la aina ileile.

"Fundi, nataka engine ya bro yangu ifike mwisho wa hiyo barabara. Mara moja tu. Nitaendesha mimi. Halafu tuuze, Mama apumzike."

Ningekataa kwa sababu gani? Kila sababu niliyokuwa nayo ilikuwa imelala chini ya Chania.

Siku injini ilipoingia gereji, muadhini wa Majengo aliadhini magharibi kama kawaida. Adhana ikaisha. Nilikuwa nanawa mikono.

*Tak.*

Niligeuka. Spana ya kipimo ilikuwa imening'inia ukutani, haijatikisika.

*Tak... tak...*

Nikahesabu, kwa sababu mkono wa fundi na sikio lake huhesabu vyenyewe. Tano. Kimya kidogo, kama cha mtu anayehamia gurudumu lingine. Tano. Kimya. Tano tena.

Kisha hakuna kitu.

Lakini kimya kile hakikuwa kitupu. Kilikuwa kimya cha mtu aliyechuchumaa mbele ya gurudumu la nne, akingoja. Halafu ikaja harufu ya halud. Na nyuma yake, kali, ya kuchoma pua, harufu ya rangi ya kucha.

Kila jioni ikawa hivyo. Kumi na tano, kisha kungoja. Nikaanza kufunga saa kumi na mbili.

Na sasa Wacera alikuwa ameniambia aliyoniambia, na Sumeya alikuwa anakuja saa moja kuchukua ufunguo wa mbio za kesho. Ilinibidi nirudi.

Nilifungua mlango wa mabati taratibu. Adhana ilikuwa imeisha nikiwa njiani. Nikabonyeza swichi. Taa haikuwaka. Nikawasha tochi ya simu.

Gari jeupe lilikuwa pale nilipoliacha. Juu ya boneti palikuwa na kitu kidogo.

Chupa.

Nilikaribia. Ilikuwa na tope la mto, bichi, likichuruzika kwenye rangi nyeupe. Kwenye kifuniko palikuwa na alama za meno. Meno yangu.

Nikashusha mwanga kwenye magurudumu. Nati zote ishirini zilikuwa na tone jekundu, na matone yalikuwa mabichi, yanameremeta. Mchana ule nilikuwa nimezikaza zote kwa mkono wangu na kuzihesabu mara tatu. Sikuwa nimepaka rangi, kwa sababu rangi ndiyo niliyoifuata dukani.

Nilichukua spana. Nyuma kulia. *Tak, tak, tak, tak, tak.* Ziko sawa. Nyuma kushoto, sawa. Mbele kulia, sawa. Nikapiga magoti mbele ya gurudumu la mbele kushoto na kugusa nati ya kwanza.

Ikazunguka chini ya kidole changu.

Ya pili pia. Ya tatu...

Nyuma ya sikio langu, karibu kabisa, pumzi. Halud.

"Theuri, umekaza?"

Ningeweza kusema lolote. Ningeweza kulia, kuomba msamaha, kukimbia. Lakini mdomo ulijibu wenyewe, kwa mazoea.

"Nimekaza."

Nati ya kwanza ikaanza kujifungua. Polepole. Hapakuwa na mkono. Ilizunguka, ikazunguka, ikafika mwisho wa uzi, ikadondoka sakafuni. *Kling.* Ikabingirika hadi kwenye goti langu na kusimama, tone likinitazama. Ya pili ikaanza...

"Fundi? Mbona uko kwa giza?"

Sumeya alikuwa amesimama mlangoni, helmeti ya ndugu yake kwapani. Taa ikawaka yenyewe. Chupa haikuwepo. Lakini tope lilikuwepo kwenye boneti, na nati mbili zilikuwa sakafuni.

Aliziangalia. Akaniangalia mimi nilivyopiga magoti, jasho likinitiririka kwenye baridi ile. Halafu akauliza, kwa sauti ileile ya ukoo wao, inayopanda kidogo mwishoni.

"Umekaza?"

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kwangu kifo kilikuwa kimeshamchukua mwingine, na sasa kilikuwa kimesimama kungoja huyu. Nilifungua mdomo na safari hii nikausimamia mwenyewe.

"Sijakaza, Sumeya. Hata siku ile sikukaza."

Nilimwambia yote. Matone, video, Shosho, chupa. Alisikiliza bila kuketi. Nilipomaliza aliinama akaziokota zile nati mbili.

"Ulikunywa chai yetu," akasema.

"Ndiyo."

"Mama alikuita ndugu yake."

"Ndiyo."

"Ni siku hiyo tu, Fundi? Kuna nyingine umepaka bila kukaza?"

"Siku hiyo tu."

Harufu ya rangi ya kucha ilipanda ghafla, kali hadi macho yakatoka machozi. Sumeya hakuonekana kuisikia.

"Kesho asubuhi unaenda Othaya," akasema. "Ukirudi bila huyo shosho, mimi naenda polisi na hizi nati."

Nilimkuta Shosho Kabura nyuma ya nyumba ya binti yake, kati ya michai, anamenya nduma. Alikuwa amekonda. Nilianza kueleza nikiwa nimesimama, nikamaliza nikiwa nimechuchumaa. Hakuacha kumenya.

"Nilikuambia inalia," akasema.

"Uliniambia, Shosho."

"Ukacheka."

"Nilicheka. Nisamehe."

Alitupa maganda kwenye ndoo. "Walisema ni uchawi. Uchawi ungekuwa rahisi, mtu anamtafuta mchawi anamaliza. Hii ni thahu. Hii ni uchafu ya kitu umefanya wewe, na haitafuti mwingine. Zamani mtu wa thahu alikuwa anatapika maovu yake mbele ya watu. Moja moja, kwa jina yake. Na ole wake akiacha moja kwa tumbo. Hiyo moja ndiyo ilikuwa inabaki kumwita."

Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Umetapika yote?"

"Yote, Shosho."

Aliendelea kunitazama kwa muda. Kisha akainuka, akajifunga kitambaa. "Nakuja kwa sababu ya huyo msichana. Si kwa sababu yako."

Alasiri ile, upande wa Giakanja, nilisimama juu ya kreti ya soda. Watu walikuwa wengi. Walipomwona Shosho walianza kunguruma, na akina mama wakavuta watoto nyuma. Nikawaonyesha nati. Nikasema matone ni rangi ya kucha, yangu. Nikasema sikukaza, kwamba mama huyu aliinama kutuokoa nami nikamcheka, na kwamba nyumba iliyochomwa ilichomwa kwa kimya changu.

Mwanamume mmoja nyuma akasema, "Ameloga hata fundi." Wachache wakaitikia. Watu hawapendi kunyang'anywa mchawi wao, hasa wale walioshika kiberiti. Lakini mmoja wa waliokishika, nilimkumbuka vizuri, alikuwa anaangalia viatu vyake, na hakuviacha hadi tulipoondoka.

Nilikaza magurudumu matatu mbele ya wote. Nilipofika la nne Shosho Kabura alinyoosha mkono.

"Lete hiyo kitu."

Nikampa spana. Nikamwonyesha pa kushika. Aliulalia mpini kwa uzito wake wote mdogo, miguu ikiteleza kwenye lami. *Tak.* Akahama. *Tak.* Watu walikuwa wamenyamaza sasa, hata wale wa nyuma. *Tak. Tak.* Ya mwisho ilimshinda mara mbili. Mara ya tatu ikalia. *Tak.*

Nilitoa chupa mpya. Akaisukuma pembeni.

"Rangi ya nini? Si umesikia na masikio?"

Sumeya aliingia ndani. Hakuniuliza kitu. Alimwangalia Shosho, na Shosho akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Kitambaa kikashuka. Injini ya Junaid ililia ule mlio wake, ile sauti inayoingia kifuani kabla ya kuingia masikioni, na gari jeupe likaondoka. Mia. Mia mbili. Nilifumba macho. Nilisikia mia tatu ikipita, na mlio haukukatika, ukaendelea mbele, mbele, hadi ukashuka taratibu kama mtu anayepumua nje. Alikuwa amefika mwisho.

Nilikaa chini kwenye lami nikalia kama mtoto, mbele ya wateja wangu wote. Hakuna aliyekuja kunishika, na ilikuwa haki yao.

Nilirudi gereji peke yangu. Sikukimbia saa. Nilitaka kusikia. Gari nilikuwa nimeliacha kwa Sumeya, kwa hiyo ndani palikuwa patupu, mafuta tu sakafuni na spana ukutani. Adhana ya magharibi ikaanza, ikaisha.

*Tak.*

Tano. Tano. Tano. Nikashika pumzi.

*Tak.* Kumi na sita. *Tak... tak... tak...* Kumi na tisa.

*Tak.*

Ishirini. Nikainamisha kichwa. Nikasema, "Lala salama, Junaid." Nikamshukuru Mungu kwa Kikuyu, lugha ninayotumia nikimaanisha. Gereji ikatulia kweli, kimya cha kawaida, mbwa wa jirani, maji kwenye mfereji. Nikachukua kufuli.

*Tak.*

Ishirini na moja.

Nilisimama na kufuli mkononi. Gari lile lina nati ishirini za magurudumu. Ishirini na moja haipo.

*Tak.* Ishirini na mbili.

Na harufu ikaja. Lakini halud haikuwemo. Ilikuwa rangi ya kucha tupu. Junaid alikuwa ameshaondoka, na kilichokuwa kinahesabu hakikuwa yeye.

Nilimdanganya Sumeya. Nikamdanganya Shosho. Sikupanga, ilitoka tu, kama ile "Nimekaza" ya kwanza. Kutanguliza rangi hakukuanza Oktoba ile. Kulianza Agosti, kazi iliponizidi, wakati magari yalipanga foleni hadi nje ya lango. Rangi kwanza, kukaza baadaye. Nati za magurudumu, boliti za chini zinazoshika mikono ya magurudumu, popote. Mara nyingi nilirudi nikakaza. Mara nyingi. Zile nyingine nilizisahau, au nilijiambia nimezisahau. Boliti ya chini si kama nati ya gurudumu. Inaweza kukaa mwaka mzima ikilegea kidogo kidogo, na mtu anaendesha, anapeleka watoto shule, anaamini tone.

*Tak... tak...* Sikuthubutu kuhesabu tena.

Nilitoa simu. Pale juu kabisa palikuwa na jina la Kingori wa Murang'a. Simu sita sikushika, tangu Ijumaa. Gari lake lilikuwa la Agosti.

Nikapiga. Ikaita. Ikaita...

"Fundi! Wewe ni mgumu kupatikana!" Kulikuwa na upepo, na watoto wakiimba nyuma yake. "Tuko kwa barabara, tunatoka kwa shosho yao. Nilikuwa tu nataka kukuuliza, kuna ka-sauti huku mbele..."

Nilikasikia. Chini ya nyimbo za watoto, chini ya injini niliyoijenga mwenyewe.

Kwa. Kwa. Kwa.

"Mwalimu, simamisha gari."

"Ati?"

"Simama! Simama sasa hivi, shukisha watoto!"

Kingori akacheka, kicheko cha mtu asiye na wasiwasi wowote duniani.

"Wacha pressure, Fundi. Nimelala chini nikaangalia mwenyewe. Ile tone yako bado iko."